Mzazi wa Tanga ughaibuni, toka jukwaani ukawe mwamuzi wa kuogelea

Kila Julai ufukwe wa Raskazone hapa Tanga hujaa watoto waliokuja likizo kutoka Toronto, Leicester na Minneapolis. Wao wako majini, wazazi wako kivulini, na malalamiko ni yaleyale: huko ughaibuni kila wikiendi ni kumpeleka mtoto kwenye mashindano ya kuogelea, kushinda jukwaani nusu siku, kumwona majini dakika moja na nusu, basi. Nami nimelea watoto wa kuogelea huko kabla ya kurudi Tanga, kwa hiyo nawaambia, ndugu zangu: msikae jukwaani. Jiandikisheni kuwa waamuzi wa kujitolea.

Mashindano ya watoto Marekani, Uingereza na Kanada yanasimama kwa migongo ya wazazi wasiolipwa. Waamuzi wakiwa pungufu, mbio haziendi. Wengi wetu tunajitoa mapema kwa kudhani kazi hii ni ya aliyewahi kuwa muogeleaji, au ya mwenye Kiingereza cha redioni. Sivyo. Maneno ya anayeanzisha mbio ni yaleyale kila mara, na kazi nyingine ni macho, mkono na karatasi. Mtu aliyejifunza kuogelea Pangani bila kocha anaiweza kabisa.

Anza kwa kuuliza kwenye klabu ya mtoto: nani anashughulika na waamuzi? Marekani, chama cha USA Swimming kimegawanyika katika kamati za maeneo, na kila kamati ina utaratibu wake mdogomdogo. Kwa jumla utajiandikisha uanachama, utachunguzwa rekodi za uhalifu, utasoma kozi ya kulinda watoto, utafanya mtihani mtandaoni, kisha utasimama mashindanoni ubavuni mwa mwamuzi mzoefu mpaka akuridhie. Uingereza uchunguzi huo wa rekodi za uhalifu huitwa DBS, na hapo utatakiwa kutaja anwani zako zote za miaka 5 iliyopita. Sisi tunaohamahama nyumba za kupanga tuziandike mapema, maana fomu nyingi hukwamia hapo. Kanada wana ngazi 5, na ya kwanza ni kupima muda na kulinda usalama kando ya bwawa.

Kupima muda ndiko pa kuanzia popote ulipo. Bonyeza saa unapoona mwanga wa kuanzishia, usingoje mlio, kwa sababu sauti hukufikia baada ya mwanga. Mwisho, simama ukingoni kabisa uone mkono ukigusa ukuta. Njia moja ya bwawa, anamopita muogeleaji mmoja, ikiwa na saa tatu na mbili zikalingana, huo ndio muda. Zote zikitofautiana, unachukuliwa wa katikati. Sekunde 34.12, 34.20 na 34.31, mtoto anaandikiwa 34.20. Zikibaki saa mbili, hutafutwa wastani. Kwa mtoto aliyefanya mazoezi mwaka mzima apunguze nusu sekunde, umakini wa kidole chako ni haki yake.

Ukizoea, omba kufundishwa uamuzi wa mitindo na kugeuka. Mtindo wa kifua na wa kipepeo, mikono miwili iguse ukuta kwa pamoja. Wa kipepeo, miguu isipishane. Wa mgongo, mtoto amalize akiwa chali. Isipokuwa mtindo wa kifua, kichwa kitokeze juu ya maji kabla ya kuvuka mita 15 baada ya kuruka au kugeuka. Ukiona kosa unainua mkono, unaandika ulichokiona, na refa, yaani mwamuzi mkuu, ndiye anayeamua. Usichokiona waziwazi usikiandike: shaka ni faida ya muogeleaji. Kanuni hii naipenda kuliko zote, kwani inamlinda mtoto dhidi ya mtu mzima anayekisia.

Na mwanao akiwa kwenye njia unayoisimamia? Mwangalie kama wengine. Ukijua moyo utakushinda, mwombe refa mapema akuhamishe. Vigelegele haviruhusiwi ukiwa kazini, mama zangu, hata akishinda! Simu iache kwenye mkoba. Picha nyuma ya vibao vya kurukia ni mwiko.

Mavazi mara nyingi ni fulana nyeupe na suruali au sketi ya rangi nzito. Mwenye hijabu amwambie refa kabla ya siku yenyewe ili asiulizwe mlangoni. Vaa viatu visivyoteleza na beba maji ya kunywa, maana hewa ya mabwawa ya ndani ni kama mtaani Ngamiani hapa Tanga mwezi wa pili, jasho halikauki.

Mkija nyumbani, ujuzi huo njooni nao. Tanzania ilipeleka waogeleaji wawili kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Collins Saliboko na Sophia Latiff. Watoto wa hapa Tanga bahari wanayo, ila ni wachache waliowahi kupimwa muda. Leteni saa tatu na filimbi, zungumzeni na walimu wa michezo wiki moja kabla, tuwafundishe vijana wa hapa kupima. Mbio tuzipange maji yakijaa, tunyooshe kamba ya mita 25 kati ya maboya mawili, na mtumbwi wenye waokoaji uwe tayari majini kabla mtoto wa kwanza hajaruka.