Somo: Samaki wa siagi na mvinyo mweupe wa Kijerumani, mkesha wa Krismasi

Habari zenu wapendwa. Huku Ujerumani sherehe yenyewe ya Krismasi ni jioni ya tarehe 24 Desemba, na jioni hiyo nyumba nyingi hazipiki makubwa: saladi ya viazi na soseji, au samaki. Bata bukini anangoja tarehe 25. Mimi nashikilia samaki, kwa sababu ndiye anayeutoa vizuri mvinyo mweupe wa nchi hii. Wengi wetu tukifika dukani tunaipita rafu ya Kijerumani moja kwa moja, eti lebo zake hazisomeki, eti yote ni sukari tupu. Inaniuma, maana ni mivinyo mizuri mno kuachwa kwa sababu ya lebo.

Hatua ya 1: Soma chupa kabla ya kuangalia bei

Anza na asilimia ya kilevi. Hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza kilevi. Ikisimamishwa mapema, sukari inabaki. Kwa hiyo Riesling (mvinyo wa zabibu nyeupe za jina hilo) yenye asilimia 8 au 9 ina utamu, na yenye 12 kwenda juu kwa kawaida ni kavu, yaani haina utamu.

Kisha tafuta neno. *Trocken* ni mvinyo mkavu, sukari haizidi gramu 9 kwa lita. *Halbtrocken* mwisho wake ni gramu 18. *Feinherb* halina kipimo cha kisheria, ila mara nyingi huwa karibu na halbtrocken, pengine utamu umezidi kidogo. Usipoona neno lolote, rudi kwenye asilimia.

Kinachowavuruga watu ni Kabinett, Spätlese na Auslese. Ngazi hizo, kama zilivyo katika sheria ya mvinyo ya 1971, zinaeleza zabibu zilikuwa zimeiva kiasi gani zilipochumwa. Hazielezi utamu uliomo ndani ya chupa. Ndiyo maana kuna Spätlese trocken, mkavu kabisa, na kuna Spätlese tamu, na zote mbili ni halali.

Hatua ya 2: Chagua

Kwa mlo huu chaguo langu ni Riesling ya Mosel, bonde la mto wa jina hilo, Kabinett feinherb. Mizabibu ya kule imepandwa kwenye miteremko mikali, mingine trekta haiwezi kupanda, kazi inafanywa kwa mikono. Mawe meusi ya ardhini yanashika joto la jua mchana na kulirudisha usiku. Mvinyo wake ni mwepesi, una harufu ya tufaha bichi na ndimu, na uchachu wake unakata mafuta ya siagi mdomoni. Ule utamu kidogo upo kuutuliza uchachu. Ukinywa pamoja na chakula hutausikia kama sukari.

Wageni wakitaka mkavu, nunua Silvaner, zabibu nyingine nyeupe, ya mkoa wa mvinyo wa Franken. Utaitambua kwa chupa yake bapa yenye tumbo la mviringo. Zabibu hiyo ilipandwa kijiji cha Castell, hukohuko Franken, tangu 1659, na mvinyo wake ni mpole, haumfuniki samaki. Müller-Thurgau, nayo ni zabibu nyeupe, inafaa mfuko ukiwa mwepesi.

Tafuta pia neno *Gutsabfüllung*: mkulima ametia kwenye chupa mvinyo wa zabibu za shamba lake mwenyewe. Kwa euro 8 hadi 12 unapata kitu cha heshima.

Hatua ya 3: Poza

Friji, kwa muda wa saa tatu. Ukichelewa, ndoo ya maji, barafu na chumvi konzi moja, dakika 20. Nyuzi 8 hadi 10 zinatosha. Baridi ikizidi harufu inajificha.

Hatua ya 4: Viazi na matango

Viazi vyenye *festkochend* kwenye mfuko havivurugiki. Chemsha na maganda yake.

Kwenye matango ndipo mvinyo unapoharibiwa, basi tuwe makini. Wengi wanamwaga siki, na siki inaufanya mvinyo wowote uonekane maji. Kata matango vipande vyembamba kama karatasi, nyunyiza chumvi, acha dakika 15, kamua kwa mkono mpaka maji yatoke. Changanya na krimu chachu vijiko vitatu, limau matone machache na sukari kidogo. Basi.

Hatua ya 5: Samaki

Trauti mmoja kwa kila mtu, wa gramu 300 hivi. Dukani ameandikwa Forelle. Osha, kisha mkaushe kwa karatasi ya jikoni, ndani na nje, maana akiwa na maji ngozi itang'ang'ania kikaango. Chumvi ndani ya tumbo, unga wa ngano nje, kung'uta unga uliozidi. Kaanga kwa mafuta, moto wa wastani, dakika 5 au 6 kila upande. Mgeuze mara moja tu. Mwaga mafuta hayo, tia siagi kipande kizuri, na povu likianza kutulia na harufu ikawa kama ya karanga, mwagie samaki kwa kijiko. Limau mwishoni.

Hatua ya 6: Mimina theluthi ya glasi, usijaze. Chupa moja inatoa glasi sita ndogo.

Maswali ya wanachama

*Dada, sisi tutapika pilau na kachumbari ya pilipili. Nitafute mkavu?*
Hapana. Kilevi kingi kinaongeza moto wa pilipili. Chukua Kabinett yenye utamu, asilimia 8 au 9, ipoze vizuri. Kwa vyakula vyetu vya viungo ndiyo ya kwanza kuifikiria.

*Shikamoo dada. Chini ya chupa nimekuta vipande kama vioo. Nimwage?*
Marahaba mdogo wangu. Usimwage! Hizo ni chembe za asidi ya zabibu zilizoganda kwa baridi, hazina madhara. Simamisha chupa, mimina taratibu.

*Shemeji yangu ni Mwislamu. Nimnunulie mvinyo usio na kilevi?*
Usifanye hivyo bila kumwambia: Ujerumani, kinachoitwa hakina kilevi kinaruhusiwa kuwa nacho hadi asilimia 0.5. Mnunulie *Traubensaft*, maji ya zabibu. Wakulima wengi wa mvinyo wanayauza, ni mazuri sana. Yaweke kwenye glasi ileile ya wengine.

*Mimi ndiye dereva, na nina miaka 20. Glasi moja si neno?*
Ni neno, mwanangu. Chini ya miaka 21 sheria ya hapa ni sifuri kabisa. Kunywa Traubensaft kama yule shemeji wa hapo juu.

*Ikibaki nusu chupa?*
Ziba, rudisha friji. Riesling yenye utamu inakaa siku tatu au nne bila shida. Tarehe 26, ukiwa na vipande vya bata vilivyobaki, utaifurahia.