Ukitaka kumwelewa askari wa miguu wa zama yoyote, anza na mkono wake wa kushoto

Watu wengi wakiona picha au sanamu ya askari wa zamani macho yanakimbilia upanga, na ni kweli upanga unavutia, ila haukwambii mengi. Majeshi mengi ya miguu ya zamani yalipigana kwa mkuki kwanza, upanga ulikuwa wa akiba, unauchomoa mkuki ukishavunjika au adui akishakukaribia mno. Kwa hiyo kama unachora, unaandika hadithi, unatengeneza gemu au umesimama tu mbele ya kabati la makumbusho na unataka kuelewa unachokiona, nakupa njia ninayoitumia mimi siku zote: angalia mkono wa kushoto umeshika nini, na kama haujashika ngao, jiulize ngao imeenda wapi. Ukipata jibu la hilo swali, vingine vyote, deraya (vazi la kujikinga mwilini), kofia ya chuma, urefu wa silaha, hata jinsi walivyosimama, vinaanza kueleweka.

Kabla ya yote hakikisha picha haijageuzwa. Picha za zamani za kwenye bati, zile za enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, zinatoka kinyume kama kioo, kulia inakuwa kushoto, na watu wameshawahi kumwita askari wa watu shoto kwa sababu hiyo tu. Angalia vifungo vya koti au herufi kwenye mkanda, zikisomeka kinyume geuza picha ndo uendelee.

Sasa tuanze na ngao. Kuna jiwe la kuchongwa la Wasumeri liko Louvre, lina zaidi ya miaka 4,400, linaonesha askari wa mji wa Lagash wamebanana nyuma ya ngao kubwa na mikuki imetokeza mbele kama miiba, yaani wazo la ukuta wa ngao ni la kale kiasi hicho. Ila mfano ninaoupenda zaidi ni wa Wagiriki. Ngao yao ilikuwa ya mviringo, upana karibu sentimita 90, uzito kilo 6 mpaka 8, na haikushikwa kwa kiganja peke yake: katikati kulikuwa na pete pana unapitisha mkono mpaka kwenye kiwiko, halafu kiganja kinashika kamba pembeni kabisa. Sasa fikiria hiyo, kama kiwiko kiko katikati ya ngao basi nusu ya ngao inatokeza kushoto kwako, haikukingi wewe, inamkinga jirani yako upande wake wa kulia. Ndo maana walisimama wamebanana, na ndo maana safu nzima ilikuwa ikitembea inasogea taratibu kulia, kila mtu anajibanza kwenye ngao ya mwenzake. Thucydides, mwanahistoria wa Kigiriki, aliliandika hilo akielezea vita vya Mantinea, mwaka 418 KK. Yaani ukichora Mgiriki wa aina hii anapigana peke yake anarukaruka, umeshapotea, kwa sababu ngao yake ilitengenezwa kwa ajili ya watu wawili.

Linganisha na Mroma. Ngao yake ndefu imepinda kama gome la mti, inashikwa kwa mshikio mmoja wa mlalo nyuma ya kibonge cha chuma katikati, kwa hiyo anaweza kuisukuma mbele kama ngumi. Mkono wa kulia unarusha kwanza mkuki wa kutupa wenye shingo nyembamba ya chuma, ukizama kwenye ngao ya adui inakuwa kazi kubwa kuutoa na ngao inageuka mzigo, halafu unatoka upanga mfupi wa kuchoma. Kila kitu alichobeba kinahusu ngao mbili, ya kwake na ya mwenzake. Wazulu nao walikuwa na ngao kubwa ya ngozi ya ng'ombe na mkuki mfupi wa kuchomea kwa karibu, na tarehe 22 Januari 1879 kule Isandlwana waliliangamiza jeshi la Waingereza lenye bunduki za kisasa kwa wakati huo. Ngao ile haikuzuia risasi, lakini walijua kujisambaza, kutumia mabonde na kukaribia mpaka mkuki ufike.

Hatua inayofuata, tafuta mkono wa kushoto uliokimbia ngao. Mfalme Philip wa pili wa Makedonia, kaskazini mwa Ugiriki, aliwapa askari wake mkuki wa mita 4 mpaka 6, huo huwezi kuushika kwa mkono mmoja, kwa hiyo ngao ikabidi iwe ndogo, inaning'inia kwa mkanda shingoni na begani. Ukiona ngao imepungua jua silaha imerefuka au deraya imenenepa, lazima moja kati ya hizo, wakati mwingine zote.

Deraya sasa. Ya pete za chuma, zile pete ndogo kila moja imeshikana na nne za jirani, Warumi waliipata kutoka kwa Waselti, watu wa Ulaya ya kale, na ilidumu zaidi ya miaka elfu moja. Ni nzuri sana dhidi ya makali ya upanga, dhaifu kidogo dhidi ya ncha kali, na kwa rungu haisaidii sana, mfupa unavunjika ndani pete zikiwa nzima. Kwa hiyo ndani lazima kuwe na nguo nene iliyoshonwa kwa tabaka, na hapo wachoraji wengi wanakosea, wanachora pete juu ya ngozi tupu. Usifanye hivo.

Halafu kufikia miaka ya 1400 mafundi wa Milan na wa miji ya Ujerumani kama Augsburg na Nuremberg wakawa wanafua bamba za chuma zinazofunika mwili wote, na hapo ngao ikakosa kazi. Aliyevaa bamba mwili mzima mkono wake wa kushoto uko huru, na utaona ghafla silaha za mikono miwili zimejaa, mashoka ya mpini mrefu yenye ncha ya mkuki juu na ndoana nyuma, nyundo zenye mdomo, mapanga marefu. Sababu nyingine ni kwamba chuma cha aina hiyo hakikatiki kwa upanga wa mkono mmoja, kwa hiyo inabidi uongeze nguvu au utafute upenyo makwapani na nyuma ya goti. Na tafadhali ile hadithi ya kwamba akianguka haamki, iache. Deraya kamili ya vita ilikuwa kilo 15 mpaka 25, imegawanyika mwilini kote, mtu aliyeizoea anakimbia na kuinuka bila shida. Askari wa leo akibeba vitu vyake vyote mara nyingi anapita kilo 30, na mzigo mwingi uko mgongoni na mabegani.

Wasiokuwa na hela ya bamba kamili walichagua wafunike wapi, na hapa ndo pa kuangalia kwa makini kwa sababu chuma kinakwenda pale hofu ilipo. Kichwa kwanza, kifua pili, miguu mwisho. Kule Visby kwenye kisiwa cha Gotland, Sweden, kuna makaburi ya pamoja ya watu waliouawa mwaka 1361, walizikwa na deraya zao, na wataalamu walipochimbua waliona mifupa mingi ya miguu ina alama za makali. Kichwa na kifua vina kinga, adui akashuka chini. Inasikitisha kuisoma mifupa ile, lakini inafundisha kuliko picha yoyote.

Upinde nao unakula mikono miwili, wa kushoto unasukuma mti, wa kulia unavuta kamba. Meli ya kivita ya Kiingereza ya Mary Rose ilizama 1545 ikainuliwa 1982, ndani yake zilitoka pinde nzima 137 na mishale zaidi ya 3,500, na nyingi ya pinde zile zinakadiriwa kuhitaji nguvu ya kilo 45 kwenda juu kuzivuta. Hiyo nguvu mtu anaijenga tangu utotoni. Bunduki haikudai hivo, gobore la utambi mtu anafundishwa kwa muda mfupi, na hiyo ni sababu kubwa ya upinde kuondoka ingawa mwanzoni ulikuwa unapiga haraka zaidi.

Bunduki ilipoingia mafundi hawakukata tamaa mara moja. Walinenepesha bamba la kifua na kulijaribu kwa kulipiga risasi, ukikuta deraya ya miaka ya 1600 ina kibonyeo kimoja cha duara kifuani usidhani ni jeraha la vita, mara nyingi ni alama ya fundi kumthibitishia mnunuzi kwamba inazuia. Ila uzito ukazidi, wakaanza kuvua, kwanza miguu, halafu mikono, mwisho askari wa miguu akabaki na koti na kofia ya kitambaa. Wakati huo wenye magobore walikuwa wanalindwa na wenzao wa mikuki mirefu, mpaka ilipokuja singe, kile kisu cha kufunga kwenye bunduki. Singe za kwanza zilichomekwa ndani ya mdomo wa mtutu, ukichomeka hupigi tena. Kule Killiecrankie, Uskoti, mwaka 1689, askari wa serikali walipiga risasi, kabla hawajamaliza kuchomeka singe Waskoti wa milimani wakawa wameshafika na mapanga. Baada ya hapo ikaenea singe inayovaa nje ya mtutu, na bunduki ya gumegume ikawa mkuki na silaha ya moto kwa pamoja.

Na hao hao Waskoti walibeba ngao ndogo ya mviringo mkono wa kushoto. Kabla ya vita vya Culloden, Uskoti, 1746, askari wa serikali walifundishwa wasimchome aliye mbele yao, wamchome wa upande wao wa kulia, kwa sababu akiinua upanga kwapa lake la kulia liko wazi na ngao iko upande wa pili. Ukisimama na mwenzio mkajaribu kwa fimbo mtaona jinsi ilivyo kweli, mi ndo nilipoielewa.

Kuanzia miaka ya 1800 swali letu linapata jibu ambalo wengi hawalioni. Bunduki ya Prussia ya Dreyse ilishindiliwa risasi kwa nyuma, kwa hiyo kwenye vita vya Königgrätz dhidi ya Waaustria, mwaka 1866, askari wa Prussia aliweza kupakia amelala chini, wakati Mwaustria mwenye bunduki ya kushindilia kwa mdomo alilazimika kusimama. Halafu 1886 Wafaransa wakaleta Lebel, bunduki ya kwanza ya jeshi yenye baruti isiyotoa moshi, mpigaji haonekani tena. Bombomu la Maxim lilikuwa limeshakuja tangu 1884. Sasa ngao iko wapi? Iko ardhini. Angalia mkanda wa askari wa 1914, utakuta beleshi dogo, na hilo beleshi ndo ngao yake, anachimba anaingia. Mikono yote miwili iko kwenye bunduki na udongo unamkinga kifua.

Kinachobaki nje ya handaki ni kichwa, na mizinga ilikuwa inapasua makombora juu yao. Ndo maana kofia za chuma zilirudi pale pale: ya Wafaransa 1915, ya Waingereza iliyobuniwa na John Brodie mwaka huo huo, pana kama sahani kwa sababu hatari inatoka juu, na ya Wajerumani 1916 iliyoshuka mpaka masikioni na shingoni. Wamarekani walimwita Bashford Dean, mtunza deraya wa makumbusho ya Metropolitan, New York, awabunie kofia kwa kuangalia zile za kale. Nafurahi kila nikikumbuka hilo, maarifa ya wafua chuma wa miaka 500 nyuma yanatafutwa tena na jeshi.

Kifua kilichelewa. Mwaka 1965 Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont aligundua nyuzi zilizokuja kuitwa Kevlar, hizo zikipangwa tabaka kwa tabaka zinashika vipande vya bomu na risasi za bastola, ila ya bunduki inapita, kwa hiyo mbele na nyuma panawekwa bamba gumu, mara nyingi la kauri, karibu sentimita 25 kwa 30. Ni dogo, linafunika moyo na mapafu basi. Mapaja wazi, mikono wazi, kama wale wa Visby. Mkono wa kushoto wa askari huyu umeshika mbele ya bunduki nyepesi ya kilo 3 au 4, aina iliyoanza na ile ya Wajerumani ya 1944 na kufuatiwa na AK.

Haya mawili nayataja haraka. Hakuna kofia ya Viking yenye pembe iliyowahi kupatikana, ile ya Gjermundbu iliyofukuliwa Norway 1943 haina. Na upanga wa vita unakaa kiunoni, mgongoni huuchomoi vizuri.

La mwisho ni pale mkono wa kushoto hauna ngao, mwilini hakuna chuma cha maana, na bado yuko mbele kabisa. Hapo usikubali mpaka uipate ngao. Kwenye michoro ya Waashuri ya kuzingirwa mji wa Lakishi wa Yuda, 701 KK, mpiga mishale ana mtu kando yake aliyeshika ngao ndefu kuliko kichwa. Wapiga mishale wa Genoa, wenye pinde za kifyatulio zinazochukua muda kujazwa, walitumia ngao kubwa inayosimamishwa chini, wanajibanza nyuma yake wakipakia. Mwaka 1346 kule Crécy, Ufaransa, waliamriwa na Wafaransa waliowakodi wasonge mbele ngao hizo zikiwa bado nyuma kwenye mikokoteni ya mizigo, mbele yao wako Waingereza wa pinde ndefu wanaofyatua mara kadhaa wakati wao wanajaza mshale mmoja.