Timu ya kikapu katika sekondari ya kijijini

Anzeni na goli, si jezi. Baadhi ya shule za vijijini Moshi hufunga ringi kwa kukadiria kwa macho. Ikiwa chini, mchezaji huzoea kurusha fupi, na siku ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, mipira yake haifiki. Pimeni mita 3.05 kutoka ardhini hadi ukingo wa juu wa ringi, mkapime tena baada ya masika, maana udongo ulioloa hulegeza nguzo ikainama. Nguzo yenyewe ikae nje ya mstari wa mwisho wa uwanja na ubao uingie uwanjani mita 1.2, la sivyo kuna atakayevunjika meno. Mstari wa mitupo huru uwe mita 4.6 kutoka usawa wa ubao.

Kwenye vumbi lenye mashimo hakuna anayejifunza kudunda. Saruji ya uwanja mzima (mita 28 kwa 15) ikishindikana, mwageni upande wa goli moja tu. Mazoezi ya watatu kwa watatu yanatosha hapo, tena kila mmoja hugusa mpira mara nyingi zaidi.

Mpira namba 7 kwa wavulana, namba 6 kwa wasichana. Mazoezi yaishe mapema, wanafunzi wa kutwa bado wana mlima wa kupanda.