SOMO: Kuivisha skripti yako dirisha kwa Tkinter

Wakuu, mtu akishazoea skripti yako lazima atakuomba vitufe vya kubonyeza, maana terminal inamtisha. Tutumie Python na Tkinter, maktaba ya Python ya kuchora madirisha kwa kutumia Tk. Tk ni ya zamani, ilitoka kwenye lugha ya Tcl ambayo John Ousterhout aliianzisha chuo cha Berkeley, Marekani, 1988, sura yake haivutii sana ila ni nyepesi mno.

Hatua ya 1. Kwenye Debian na Ubuntu inakuja pembeni: `sudo apt install python3-tk`. Kisha `python3 -m tkinter`, kidirisha kikitokea uko vizuri.

Hatua ya 2. Vitufe viache kwanza, andika kazi yenyewe: kuuliza kama huduma fulani ya Linux (programu inayokaa nyuma ya pazia) inafanya kazi.

```
import subprocess
def iko_hewani(huduma):
    r = subprocess.run(["systemctl", "is-active", "--quiet", huduma])
    return r.returncode == 0
```

Sifuri maana yake huduma inafanya kazi. Amri ipelekwe kama listi hivyo hivyo, ukiweka `shell=True` na jina linatoka kwenye kisanduku cha kuandikia, siku moja mtu ataandika `cron; rm -rf ~`, shell itaitekeleza na kufuta mafaili yako yote, na utalia.

Hatua ya 3. Sasa dirisha, lenyewe linaita tu ile kazi ya hatua ya 2. Hapa tunaangalia `cron`, huduma ya kuendesha kazi kwa ratiba.

```
import tkinter as tk
w = tk.Tk()
lebo = tk.Label(w)
lebo.pack()
def kagua():
    lebo.config(text="Inafanya kazi" if iko_hewani("cron") else "Imezimwa")
    w.after(5000, kagua)
kagua()
w.mainloop()
```

Hiyo `after` ndo roho ya somo, inaomba `kagua` iitwe tena baada ya sekunde 5 bila kuzuia dirisha. Mimi nilianza na `time.sleep(5)` ndani ya luup, dirisha likaganda, kitufe hakibonyezeki, nikalaumu kompyuta kutwa nzima kumbe `mainloop`, mzunguko unaoliendesha dirisha, nimeiziba mwenyewe.

Pia usifungue dirisha zima kwa sudo. Ukiongeza kitufe cha kuwasha huduma upya, hicho tu ndo kiite `pkexec`, inayoomba ruhusa ya msimamizi kwa amri hiyo moja, basi.

MASWALI

*Mkuu, nimeingia kwa ssh inaniambia `no display name`.*
Seva haina pa kuchora hilo dirisha. Jaribu `ssh -X` kama seva inaruhusu, la sivyo tumia whiptail, inachora menyu humo humo kwenye terminal.

*Kwa nini usifundishe Qt, ile maktaba nyingine ya madirisha, Tk mbona ya kizee?*
Qt nzuri, nenda nayo. Angalia YaST, programu ya mipangilio ya Linux ya SUSE, ina sura ya Qt na nyingine ya ncurses (ya kuchora ndani ya terminal), kazi ya ndani ni ile ile. Ukifuata hatua ya 2 hata wewe utabadilisha sura bila kugusa kazi.

*Huduma yangu inachukua sekunde 20 kuwaka, dirisha linaganda tena hata na after.*
Sababu `run` inasubiri amri iishe. Tumia `Popen`, halafu `after` iwe inapita kuuliza `poll()`, ikirudisha `None` bado inaendelea.

*Imekubali mkuu! Ila kwangu Fedora ilikuwa inasema imezimwa muda wote, kumbe huku inaitwa crond.*
Hahaa, hiyo umenikamata.