Kukarabati nyumba ya mawe ya zamani hapa Bagamoyo

Jamani mwenye nyumba ya mawe Mji Mkongwe, weka simenti pembeni kwanza. Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu na lazima upumue, sasa ukiupiga plasta ya simenti maji yanakwama ndani, chumvi inaanza kula jiwe na plasta yenyewe inabanduka vipande vipande, nimeona nyumba nzuri sana zikiharibika hivyo na inauma kweli.

Kama nyumba iko kwenye eneo la urithi pitia kwa watu wa Mambo ya Kale, idara ya serikali inayosimamia majengo ya kihistoria, kabla hujagusa kitu.

Halafu bandua simenti yote taratibu kwa tindo na nyundo ndogo, usipige kwa hasira maana tumbawe ni laini. Piga brashi vumbi litoke, mwagia maji mpaka ukuta ulowe. Changanya chokaa iliyolowekwa vizuri, ndoo moja kwa ndoo tatu za mchanga, na mchanga usiwe wa ufukweni, una chumvi. Chokaa inaunguza, linda macho na mikono.

Paka tabaka jembamba, kama sentimita moja tu, liache likaze ndo uongeze lingine. Jua la hapa kali, kwa hiyo tundika magunia mabichi uyalowanishe asubuhi na jioni wiki nzima, hapo ndo mafundi wengi wanakosea kwa haraka.

Boriti zilizooza badilisha kwa mkoko, ziangalie hasa pale zinapoingia ukutani.