Namna ya kupima kama posho inabadilisha kazi ya mtumishi: mwongozo kwa maafisa utumishi wa Lindi na Mtwara

Kabla ya kuuliza kama posho inaongeza utendaji katika halmashauri yako, zitenganishe kwanza posho zenyewe, kwa sababu neno hilo moja hubeba mambo yasiyofanana. Posho ya kujikimu anayolipwa mtumishi aliyetumwa kikazi kutoka Liwale kwenda Lindi mjini hufidia malazi na chakula. Posho ya saa za ziada ni ujira wa kazi iliyokwisha kufanyika. Posho ya madaraka hufuata cheo, iwe mwenye cheo anajituma au hajitumi. Ukizichanganya katika dodoso moja, utajibiwa kwamba posho ni muhimu, jambo ambalo hukuhitaji kutoka ofisini ili kulijua.

Kisha chagua kazi moja ambayo matokeo yake yanaonekana. Kwa mikoa hii sioni mfano bora kuliko afisa ugani wa korosho. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaofanana na unga mweupe, hushambulia machipukizi na maua, hivyo mikorosho hupuliziwa salfa katika miezi ya kiangazi, kabla mavuno hayajashika kasi mnamo Oktoba. Chukua daftari lake la kutembelea wakulima, chukua na hati za malipo kwa mweka hazina, uziweke sambamba mwezi kwa mwezi. Ikiwa posho na fedha ya mafuta ya pikipiki ya Julai vimelipwa Novemba, usitafute athari yake katika maua ya Agosti, kwa kuwa malipo hayo yamekwisha kugeuka deni linalolipwa. Ndiyo maana mimi hutazama ucheleweshaji kabla ya kiwango: aliyetoa nauli mfukoni mwake mara mbili bila kurudishiwa haendi mara ya tatu, hata kiwango kikipandishwa.

Mwanasaikolojia wa Marekani Frederick Herzberg na wenzake walieleza mwaka 1959 kwamba ujira ni miongoni mwa mambo ambayo upungufu wake huleta manung'uniko, lakini kuwapo kwake pekee hakuleti ari ya kazi. Basi usiulize "Je, umeridhika?" Uliza: "Safari yako ya mwisho, ulilipwa kabla ya kuondoka au baada ya kurudi, na baada ya siku ngapi?" Madodoso yasigawiwe na mkuu wa idara, kwani ndiye anayeidhinisha madai hayo.

Chunguza pia kazi inayoharibiwa na posho. Zahanati yenye muuguzi mmoja hukosa huduma siku anayoitwa semina, ilhali katika taarifa posho ya semina hiyo huhesabiwa kuwa motisha. Saa za ziada nazo zilinganishwe na majalada yaliyoshughulikiwa, si na daftari la mahudhurio peke yake. Jalada lililokaa mezani tangu saa nne asubuhi likafunguliwa saa kumi na mbili jioni halikuhitaji saa za ziada.

Dokezo lako kwa mkurugenzi liwe na jedwali lenye safu tatu, yaani siku ya kazi, siku ya malipo na kazi iliyofanyika kati ya siku hizo mbili, bila majina ya watumishi, na liwasilishwe kabla bajeti ya mwaka unaofuata haijafungwa.