Namna ya Kupima Hoja Kuhusu Udhibiti wa Serikali katika Usafiri wa Anga

Ukiulizwa kama serikali inapaswa kudhibiti mashirika ya ndege, usijibu ndiyo wala hapana kabla hujauliza: idhibiti nini? Nauli, ushindani, usalama na haki za abiria ni mambo tofauti, na mtu anaweza kutaka mkono wa serikali uwe mzito katika jambo moja na mwepesi katika jingine bila kujipinga.

Kuhusu nauli, anza na historia ya Marekani. Tangu mwaka 1938 bodi ya serikali ndiyo iliyoamua shirika gani lihudumie njia ipi na litoze kiasi gani, hadi Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria ya kuondoa udhibiti huo. Baadaye wastani wa nauli ulishuka, mfumuko wa bei ukizingatiwa, na abiria wakaongezeka. Lakini ilibidi serikali itoe ruzuku ili miji midogo isikose ndege. Anayetaja upande mmoja tu hajamaliza hesabu. Tazama pia mashirika mengi yalivyoungana tangu hapo, hata manne yakashika sehemu kubwa ya soko la ndani, maana bila ushindani uhuru wa kupanga nauli humnufaisha muuzaji peke yake.

Usikubali hoja hiyo ya nauli ihamishiwe kwenye usalama. Abiria anaweza kulinganisha bei, ila hawezi kukagua injini wala kujua kama rubani amefunzwa vya kutosha. Ajali mbili za Boeing 737 MAX, ya Oktoba 2018 na ya Machi 2019, ziliua watu 346, na uchunguzi ulibaini kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuidhinisha ndege hiyo ilikuwa imekabidhiwa wafanyakazi wa kampuni iliyoiunda. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama sheria ipo. Uliza nani anayekagua, analipwa na nani, na kama ana nguvu ya kuizuia ndege isiruke. Kwangu mimi, hili ndilo swali zito kuliko yote.

Mwisho, pima haki za abiria kwa kuangalia mahali zilipokwisha kujaribiwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 iliweka fidia ya euro 250 hadi 600 kwa safari iliyofutwa bila taarifa ya mapema, isipokuwa kwa sababu zisizoepukika, na mashirika ya nauli nafuu yameendelea kukua huko chini ya kanuni hiyo.